DAMU HUSEMA MAPEMA: Jinsi Vipimo vya Damu Vinavyotabiri Ukali wa Homa ya Mafua

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Je, umewahi kuketi ukajiuliza dalili ya homa itakayoua ni ipi? Watu wawili waweza kuambukizwa homa ya mafua siku moja, ndani ya matatu moja, na abiria mmoja aliyekuwa akikohoa nyuma. Wote wawili wataumwa na kichwa, watatetemeka, watakohoa na kukosa hamu ya chakula. Baada ya siku tano mmoja atakuwa amerudi uwanjani kucheza kandanda. Yule mwingine atakuwa amelazwa, amewekewa mpira wa oksijeni puani. Na siku ya kwanza walifanana kama shilingi kwa ya pili! Nani angeweza kujua ni yupi wa kukimbizwa hospitali na ni yupi wa kunywa uji na kulala?

Hilo ndilo swali nitakalojaribu kulijibu katika makala haya. Kwa kifupi, damu huanza kusema kabla ya mdomo, ila lugha yake ni ya tarakimu, na ukisikiliza neno lake moja tu utapotea njia. Tutaenda polepole, kwa hivyo hata yule mwenzangu ambaye Biolojia humpiga chenga asifunge ukurasa.

HOMA GANI HASA?

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Sisi Wakenya neno homa tumelibebesha mzigo. Mtu akiwa na joto jingi mwilini, ana homa. Akipiga chafya mara mbili, ana homa. Akiugua malaria, pia eti ana homa. Ninayoizungumzia hapa ni homa ya mafua ambayo wataalamu huiita influenza. Huletwa na virusi vyake maalumu, na vinavyowasumbua watu zaidi ni vile vya kundi A na kundi B. Mafua ya kawaida, yale ya kamasi na chafya, huletwa na virusi vingine na ni nadra yamlaze mtu kitandani. Influenza yenyewe hupiga ghafla. Asubuhi uko gwarideni ukiimba wimbo wa taifa, jioni huwezi kuinua kichwa.

Jina influenza lina asili ya Kiitaliano na maana yake ni athari. Zamani watu wa huko waliamini kwamba ugonjwa huu ulitokana na athari za nyota. Kwa hivyo aliyetaka kutabiri mambo ya homa alitazama mbinguni. Ilikuwa mwaka 1933 huko London ambapo Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walifaulu kukinasa kirusi cha influenza ya binadamu, kwa kuwaambukiza wanyama wadogo wa jamii ya kicheche. Tangu hapo utabiri ukaanza kutoka mbinguni kuja mwilini.

Pengine utasema, "Ah, homa tu!" Hebu ngoja. Influenza ya mwaka 1918 na 1919 iliwaambukiza watu wapatao milioni 500, yaani karibu theluthi moja ya watu wote waliokuwa duniani, ikawaua takriban milioni 50. Ilifika kwetu kupitia bandari ya Mombasa ikaenea hadi bara. Cha ajabu ni kwamba wengi waliokufa hawakuwa wazee wala watoto wachanga peke yao, bali watu wenye nguvu zao wa kati ya miaka 20 na 40. Mikurupuko mingine mikubwa ilitokea mwaka 1957, 1968 na 2009. Huo wa 2009 ulithibitishwa kuingia Kenya mwezi wa Juni mwaka huo huo.

Hata katika miaka isiyo na mkurupuko mkubwa, Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu kama bilioni moja huugua influenza kila mwaka. Kati yao milioni 3 hadi 5 huzidiwa, na wanaokufa kwa matatizo ya kupumua ni kati ya 290,000 na 650,000. Sasa fanya hesabu. Milioni 3 hadi 5 katika bilioni moja ni sawa na watu 3 hadi 5 katika kila elfu. Tuseme shule ingekuwa na wanafunzi elfu moja na wote wakaugua. Wanafunzi 995 wangepona nyumbani kwa mapumziko na maji mengi. Kazi ngumu ya daktari ni kuwatambua wale watano kabla hawajaanguka. Hawezi kuwalaza wote elfu, kwani vitanda havitoshi. Hawezi pia kuwarudisha wote nyumbani, kwani huenda akawazika baadhi ya wale watano. Hapo ndipo damu inapoitwa kutoa ushahidi.

JESHI LA MWILINI

Katika kidato cha pili tulifundishwa kwamba damu ina seli nyekundu zinazobeba oksijeni, seli nyeupe zinazopigana na maradhi, na vijichembe vya kugandisha damu. Seli nyeupe ndizo jeshi letu, na jeshi hili lina vikosi kadhaa. Viwili ndivyo vya kutufaa leo.

Kikosi cha kwanza ni nyutrofili. Hawa ni kama askari wa doria. Palipo na vurugu hufika mbio, humeza adui na kufia pale pale. Kazi yao kubwa ni kupambana na bakteria, lakini hata mwili ukijeruhiwa tu huja kwa wingi.

Kikosi cha pili ni limfosaiti. Hawa ni kama makachero. Humchunguza adui, humtambua kwa sura, hutengeneza silaha za kumkabili yeye hasa, na wengine huziua zile seli zetu ambazo virusi vimeingia ndani. Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Lazima kiingie ndani ya seli ya koo au ya mapafu na kuigeuza kuwa kiwanda chake. Kwa hivyo bila limfosaiti vita dhidi ya virusi ni vigumu kushindwa na mwili.

Sasa influenza ikiingia, limfosaiti katika damu hupungua. Baadhi huhama kwenye damu na kwenda mapafuni vitani, na baadhi hufa. Kwa mgonjwa wa kawaida upungufu huo ni mdogo na baada ya siku chache idadi hurudi palepale. Kwa yule anayeelekea kubaya, limfosaiti hushuka sana na hazipandi upesi. Wakati huo huo mapafu yanayoungua huita nyutrofili kwa wingi. Kikosi kimoja chashuka, kingine chapanda. Huo ndio mojawapo wa alama za kwanza ambazo madaktari hutazama.

KUISOMA KARATASI YA MAABARA

Kipimo hiki si cha ajabu. Ni ile hesabu kamili ya damu ambayo hufanywa katika hospitali nyingi nchini. Damu kidogo hutolewa mkononi, hupitishwa katika mashine, kisha karatasi yenye tarakimu hutoka. Wengi wetu huikunja tu na kuitia mfukoni kama risiti ya duka. Leo tuifunue.

Kwa mtu mzima, seli nyeupe zote pamoja huwa kati ya 4,000 na 11,000 katika maikrolita moja ya damu, ambayo ni tone dogo sana. Limfosaiti huwa kati ya 1,000 na 4,000. Watoto wadogo wana viwango vyao, kwa hivyo usimpime mdogo wako kwa kipimo cha babako.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu mzima mwenye afya ana nyutrofili 3,600 na limfosaiti 1,800. Ukigawanya 3,600 kwa 1,800 unapata 2. Sasa mgonjwa ana nyutrofili 6,000 na limfosaiti 600. Ukigawanya unapata 10. Jambo la kutazamwa ni hili: jumla ya seli nyeupe za mtu wa kwanza ni kama 6,000 na za mgonjwa ni kama 7,000. Jumla zote mbili ziko katika kiwango cha kawaida! Anayetazama jumla peke yake atasema, "Uko sawa, nenda nyumbani." Anayegawanya atashtuka. Kumbe hesabu za uwiano tunazolalamikia darasani zina kazi duniani.

Kwa watu wengi wenye afya jibu la mgawanyo huu huwa kati ya 1 na 3 hivi. Linavyozidi kupanda kwa mgonjwa wa influenza, ndivyo daktari anavyozidi kuwa macho. Hakuna nambari moja ambayo ulimwengu mzima umekubaliana kwamba ikifika hapo basi ni hatari. Ni kama kupanda kwa maji ya mto. Hungoji yafike shingoni ndipo uondoke.

Katika karatasi hiyo hiyo kuna pia vijichembe vya kugandisha damu, ambavyo kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000. Vikishuka sana kwa mgonjwa aliyezidiwa, ni ishara kwamba ugonjwa umetoka mapafuni na kuanza kuutikisa mwili mzima.

MOSHI WA INI

Alama ya pili ni protini ambayo maabara huiandika kwa herufi tatu, CRP. Hutengenezwa na ini. Seli za vita zikizidiwa hutoa kemikali za kuitana ziitwazo saitokini, na mojawapo inapofika kwenye ini, ini huanza kumwaga CRP katika damu. Ni kama moshi. Ukiuona moshi hujui ni nini kinachoungua, lakini unajua kuna moto, na wingi wake hukuonyesha ukubwa wa moto wenyewe.

Protini hii iligunduliwa mwaka 1930 huko New York na William Tillett na Thomas Francis walipokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia katika Taasisi ya Rockefeller. Naam, Francis huyo huyo ndiye aliyekuja kukigundua kirusi cha influenza cha kundi B mwaka 1940. Mtu mmoja aliona moshi na baadaye akamwona mmoja wa wachomaji.

Kwa mtu mwenye afya CRP huwa chini ya miligramu 10 kwa lita moja, na aghalabu ni chini ya 5. Homa ya mafua ya kawaida huipandisha kiasi. Ikipita 100, daktari huanza kuyashuku mapafu kwamba huenda yana nimonia. Uzuri wa CRP ni wepesi wake. Hupanda ndani ya saa chache tangu moto kuanza, na moto ukizimwa hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. Kwa hivyo mgonjwa akipimwa leo na kesho, utajua kama moto unazimika au unashika paa.

ADUI WA PILI AJAPO USIKU

Nyumba iliyobomoka ukuta haikosi mwizi. Influenza huubomoa ukuta wa ndani wa njia ya pumzi, kisha bakteria waliokuwa wamejikalia kimya puani na kooni hupata mwanya wa kushuka mapafuni. Watafiti waliochunguza masalio ya mapafu ya waliokufa mwaka 1918 waligundua kwamba wengi wao waliuawa na nimonia ya bakteria iliyofuata baada ya virusi. Wakati huo antibayotiki hazikuwapo. Siku hizi zipo, lakini hazimdhuru kirusi hata kidogo, na kumeza ovyo ovyo huzifanya zishindwe siku zinapohitajika kweli. Kwa hivyo ni muhimu kujua: je, ni virusi peke yake, au mwizi keshaingia?

Hapa kuna kipimo kiitwacho prokalsitonini. Kwa mtu mwenye afya ni chini ya nanogramu 0.1 kwa mililita. Bakteria wakiingia hupanda sana. Virusi vikiwa peke yake hubaki chini, kwa sababu kemikali ambazo mwili hutoa kupigana na virusi huizuia isitengenezwe. Ikipita 0.5 na mgonjwa anapumua kwa shida, daktari hushuku bakteria kwa nguvu. Kipimo hiki ni cha bei na aghalabu hupatikana katika hospitali kubwa.

MAJIVU

Alama nyingine ni zile za uharibifu uliokwisha kutokea. Ndani ya seli zetu mna kimeng'enya ambacho karatasi ya maabara hukiandika LDH. Kazi yake ni ya ndani ya seli. Kikionekana kwa wingi katika damu, maana yake seli zinapasuka na kumwaga vilivyomo. Halafu kuna yurea, ule uchafu ambao figo hutakiwa kuutoa. Ikipanda kupita milimoli 7 kwa lita kwa mgonjwa wa nimonia, huhesabiwa kama alama moja ya hatari, pamoja na kuchanganyikiwa, kupumua mara 30 au zaidi kwa dakika, mpigo wa damu kushuka, na umri wa miaka 65 au zaidi. Utaratibu huo wa kuhesabu alama tano ulichapishwa mwaka 2003 na hutumiwa katika nchi nyingi.

Ziko pia zile saitokini zenyewe. Nchini Vietnam, wagonjwa waliopatwa na homa ya ndege ya H5N1 walichunguzwa damu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Waliokufa walikuwa na virusi vingi zaidi na saitokini za juu zaidi kuliko waliopona. Yaani jeshi lilikuwa limepagawa, likawa linapiga risasi hata nyumba za wenyewe. Lakini kupima saitokini bado ni kazi ya maabara za utafiti zaidi kuliko za hospitali zetu za kila siku.

"KWANI KARATASI ITAMPONYA?"

Nisije nikaonekana nasimulia mambo ya mbali tu. Shangazi yangu aliugua alipokuwa na mimba ya miezi saba. Siku ya pili alipelekwa zahanati akapimwa. Oksijeni yake ilikuwa 96 kwa mia, CRP 30, na limfosaiti 1,100. Daktari akamwambia, "Rudi kesho kutwa upimwe tena, hata ukijisikia afadhali." Dawa ya kupunguza nguvu za virusi haikuwapo pale.

Siku ya nne joto likashuka. Shangazi akasema amepona, ni uchovu tu. Mjomba naye akahesabu pesa zilizobaki, na zilikuwa za kodi ya nyumba. Akauliza swali ambalo nafikiri wazazi wengi huliuliza: "Kwani karatasi itamponya?" Nyanya ndiye aliyesimama mlangoni akasema hatatoka hapo mpaka mtoto wake apelekwe. Wakaenda kwa bodaboda.

Karatasi ya pili ilionyesha limfosaiti 500 na CRP 140. Kile kifaa cha kubanwa kidoleni kikasoma oksijeni 91. Daktari alieleza kwamba nyutrofili za mja mzito huwa juu kwa kawaida, kwa hivyo hakutaka kuamini ule mgawanyo peke yake. Kilichomshtua ni jinsi tarakimu zote zilivyogeuka upande mmoja katika siku mbili, ilhali mgonjwa mwenyewe alikuwa akisema yuko sawa. Shangazi akapelekwa hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Picha ya eksrei ilionyesha nimonia pande zote mbili. Alilazwa siku tisa. Binamu yangu aliyezaliwa miezi miwili baadaye sasa anatambaa na kutupa vikombe vya watu.

Nikimjibu mjomba kwa heshima zote: la, karatasi haiponyi. Lakini ilimwonyesha daktari njia ya kumpeleka mgonjwa kabla njia haijafungwa.

DAMU NAYO HUWEZA KUPOTOSHA

Sasa tusije tukaifanya damu kuwa mganga wa ramli. Ina mipaka yake, na ni lazima tuijue.

Kwanza, vipimo hivi havisemi kwamba ugonjwa ni influenza. Kujua hilo, hutolewa ute puani au kooni kwa pamba na kuchunguzwa. Malaria pia hupandisha CRP na kushusha vijichembe vya kugandisha damu, na katika nchi yetu ni lazima ipimwe kando.

Pili, hali nyingine hubadilisha tarakimu. Virusi vya ukimwi hupunguza limfosaiti. Dawa za jamii ya steroidi, ambazo baadhi ya wenye pumu hutumia, hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti. Mimba tumekwisha kuitaja. Kwa hivyo daktari akikuuliza maswali mengi usikasirike, ukadhani anakuchunguza mambo yako ya ndani.

Tatu, kipimo cha mapema mno chaweza kuwa kizuri ilhali mambo bado. Ndiyo maana kipimo cha pili aghalabu kina uzito kuliko cha kwanza. Tarakimu moja ni kama picha. Tarakimu mbili ni kama mshale, zinakuonyesha unakoelekea.

Nne, hakuna tarakimu iliyo kubwa kuliko mgonjwa. Mtu anayehema akiwa na karatasi nzuri ni mgonjwa. Alama za damu husomwa pamoja na pumzi, mpigo wa moyo, oksijeni, umri na maradhi aliyokuwa nayo tangu zamani.

TUFANYE NINI SISI?

Hapa kwetu influenza haina msimu mmoja kama nchi za baridi. Huzunguka mwaka mzima, ikipanda na kushuka. Sisi wa shule ya kutwa tuko katika hatari ya namna yake. Asubuhi tunatoka mitaa mbalimbali, tunasongamana katika matatu, tunaketi watatu katika dawati la wawili, jioni tunarudi kwa ndugu zetu wachanga na nyanya zetu. Tunabeba virusi kwenda na kurudi kama tunavyobeba vitabu.

Wengi wetu hatuna mashine za damu nyumbani, lakini tuna saa. Keti kando ya mgonjwa aliyetulia, tazama kifua chake kikipanda na kushuka, hesabu kwa dakika moja nzima. Mtu mzima akifika 30, mkimbize hospitali. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, mkimbize pia. Dalili nyingine za kutopuuza ni midomo kubadilika rangi, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, mtoto kukataa kunyonya, au joto lililoshuka kisha likarudi na kikohozi kibaya zaidi. Hiyo ya mwisho yaweza kuwa yule mwizi wa usiku.

Wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee, na wenye pumu, kisukari, maradhi ya moyo au virusi vya ukimwi wasisubiri. Kuna dawa iitwayo oseltamivir ambayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili kuanza, na kwa watu kama hawa daktari anaweza kuianzisha hata kabla ya majibu ya maabara. Usimpe mtoto aspirini kwa sababu ya homa hii, kwani yaweza kumletea madhara makubwa ya ini na ubongo. Chanjo nayo ipo, na hubadilishwa mara kwa mara kwa sababu virusi hivi hubadilika sura kama kinyonga.

Wenzangu mnaopenda sayansi, kazi iko hapa. Taasisi ya utafiti wa tiba nchini, KEMRI, imekuwapo tangu mwaka 1979, na tangu 2006 kuna hospitali zilizoteuliwa humu nchini ambako wagonjwa wa homa na vichomi hupimwa ili kujua ni virusi gani vinavyozunguka. Kazi hizo zinahitaji watu wanaojua kemia na hesabu, na wanaoweza kumweleza mama wa sokoni, kwa Kiswahili anachokielewa, karatasi yake inasema nini. Wengi hutoka maabarani na tarakimu mkononi wasijue kama wamepewa habari njema au mbaya.

Wasia wangu ni mdogo. Ukipewa karatasi ya maabara, usiione haya kuuliza, "Daktari, hizi zinamaanisha nini, na nirudi lini?" Kisha usiitupe. Iweke mahali pasafi pamoja na kadi ya kliniki. Siku ya pili au ya tatu mgonjwa akirudi hospitali, nenda nayo. Daktari mwenye karatasi mbili mbele yake huona mbali kuliko mwenye moja.

Mungu atujalie afya njema sote, na tukikohoa, tufunike midomo jamani!